Damu Kwenye Jino Lisilooza: Matibabu ya Ufizi Uliovimba Kuzunguka Kipandikizi

Shangazi yangu, anayeishi South B hapa Nairobi, alipandikizwa gego moja la chini miaka sita iliyopita, na tangu hapo akaliamini gego hilo kuliko meno aliyoota mwenyewe. Ndilo alilotafunia mahindi ya kuchoma, ndilo alilowaonyesha wageni, na kila alipohimizwa kulisafisha kama mengine alikuwa na jibu moja tu: chuma hakiozi. Mwaka jana ufizi unaolizunguka ulianza kutoa damu. Alipita kwenye duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu, akanunua amoksilini, akameza, na baada ya siku nne uvimbe ukanywea. Miezi mitatu baadaye ulirudi, naye akanunua tena. Uliporudi mara ya tatu ulikuja na usaha kidogo na ladha kama ya kutu mdomoni, ndipo aliponipigia simu na swali ambalo nimeona linastahili kujibiwa kwa urefu: ikiwa dawa inaponya, mbona ugonjwa haukomi?

Kuhusu chuma, shangazi hakukosea. Jino huoza kwa sababu ya asidi inayotolewa na bakteria walao sukari, asidi inayoyamumunya madini ya jino. Titani, chuma kinachotengenezewa vipandikizi, haina madini hayo, kwa hiyo haitoboki. Alikokosea ni kudhani kwamba kuoza ndiyo njia pekee ya kupoteza jino. Watu wazima wengi hupoteza meno yasiyo na hata tundu moja, kwa sababu mfupa unaoyashika umeliwa polepole chini ya ufizi uliovimba, na njia hiyo iko wazi kwa kipandikizi kama ilivyo kwa jino la asili, pengine wazi zaidi.

Kipandikizi, au implanti kama wengi wetu jijini tunavyoiita, ni skrubu ya titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya, mara nyingi yenye urefu wa takriban milimita 10 na upana wa takriban milimita 4. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi huwekwa taji, ile sehemu nyeupe inayoonekana mtu akicheka. Kwamba mfupa hukubali kushikamana na titani ni jambo lililogunduliwa kwa bahati: mwaka 1952 Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden aliyekuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura, alishindwa kukitoa kifaa chake cha titani kwa kuwa mfupa ulikuwa umekinata. Mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliwekewa vipandikizi mwaka 1965 na akafariki mwaka 2006 vikiwa bado vimo kinywani. Habari hiyo hupendwa sana na wanaouza vipandikizi, na ni ya kweli. Kisichosimuliwa ni kwamba mfupa kukishika chuma ni jambo moja, na ufizi kukilinda chuma hicho ni jambo jingine kabisa.

Jino la asili limening'inizwa ndani ya mfupa kwa nyuzi nyingi fupi, na nyuzi nyingine za ufizi huingia ndani ya mzizi wenyewe kwa kukingama, kama mishono ya fundi anayeunganisha vitambaa viwili. Kipandikizi hakina mishono hiyo. Nyuzi za ufizi hupita sambamba na chuma au hukizunguka bila kuingia ndani yake, kama kola ya shati inavyokaa shingoni: imebana, lakini haijashonewa. Uchafu ukipenya chini ya kola hiyo hapana ukuta imara wa nyuzi wa kuuchelewesha, na kwa kuwa ile ngozi nyembamba iliyo kati ya mzizi na mfupa, yenye mishipa mingi ya damu, haipo hapa, ulinzi wa mwili nao hauna njia nyingi za kufikia eneo hilo. Tena ngozi hiyo iliyokosekana ndiyo inayolipa jino hisia ya kubanwa na kuguswa linapotafuna. Kwa maoni yangu hili ndilo linalowaponza watu kuliko mengine yote, maana kipandikizi kinaweza kupoteza sehemu kubwa ya mfupa wake huku mwenyewe anatafuna kama kawaida.

Mwanzo wa yote ni ukoga, ule utelezi unaouhisi kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Wengi huuita mabaki ya chakula, lakini sivyo: ni makazi ya bakteria waliojijengea kifuniko cha utomvu na kujishikiza kwenye kitu kigumu, kiwe jino, taji au chuma. Ukiachwa siku kadhaa, ufizi ulio jirani huwa mwekundu, hujaa, hung'aa, na hutoka damu ukiguswa. Ukiachwa zaidi huganda na kuwa gamba gumu ambalo mswaki hauling'oi tena. Kwenye kipandikizi kuna ubaya wa ziada, kwa sababu uso wa skrubu umekwaruzwa makusudi kiwandani ili mfupa uushike, na una hesi, yaani ile mizunguko ya skrubu. Maadamu hesi hizo zimo ndani ya mfupa, ukwaruzo huo ni neema. Zikifunuliwa, kila bonde la hesi huwa pango la bakteria.

Wataalamu wa fizi wa Marekani na Ulaya walikutana Chicago mwaka 2017 ili kuyapanga upya magonjwa haya, na makubaliano yao yakachapishwa mwaka 2018. Mstari walioupiga ni mwepesi kuueleza ingawa si mwepesi kuupima kila mara. Uvimbe ukiwa katika ufizi peke yake na mfupa ukiwa mzima, hali hiyo huitwa mukosaitisi. Uvimbe ukishuka na mfupa ukaanza kuliwa, huitwa peri-implantaitisi. Tofauti kati ya majina haya mawili ndiyo tofauti kati ya ugonjwa unaoweza kurudishwa nyuma na ugonjwa unaoweza tu kusimamishwa, na mtu anayetaka kuelewa matibabu hana budi kujua kwanza yuko upande upi wa mstari huo. Wala si magonjwa ya nadra: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikadiria kwamba takriban asilimia 43 ya watu wenye vipandikizi wana ya kwanza, na takriban asilimia 22 wana ya pili, ingawa tafiti zenyewe zilitofautiana sana katika kuamua ni nani wa kuhesabiwa mgonjwa.

Nilimsindikiza shangazi kwa daktari bingwa wa fizi, Upper Hill. Daktari alichukua kijiti chembamba chenye alama za milimita, akakiteremsha polepole kati ya ufizi na taji katika sehemu sita kuzunguka gego, kwa mkono mwepesi sana, karibu na uzito wa gramu 25, na msaidizi wake akawa anaandika anachotajiwa: nne, tatu, saba. Penye saba, kijiti kilipotoka, palibaki pakavu kwa sekunde chache, kisha tone la damu likachomoza na kutambaa kwenye ukingo wa taji. Daktari alipoukanda ufizi kwa kidole, nyuma ya damu likafuata tone lenye rangi ya maziwa.

"Mama, hapa panauma?"

"Hapana, Daktari."

"Sikutarajia useme ndiyo."

Watu wengine huogopa kipimo hicho wakidhani kitalegeza kipandikizi. Hakilegezi, na ule mwanya mdogo kijiti kinapopita hujifunga wenyewe baada ya siku chache. Hatari iko kwa daktari asiyepima. Hata hivyo, namba peke yake haitoshi kumhukumu mtu, kwa kuwa kina cha mfuko wa ufizi, yaani ile nafasi kati ya ufizi na chuma ambamo kijiti hushuka, hutegemea pia jinsi kipandikizi kilivyozamishwa na unene wa ufizi wa mtu huyo. Saba ya leo ni habari mbaya ikiwa siku taji lilipofungwa ilikuwa tatu. Ikiwa ilikuwa saba tangu mwanzo, haina damu na haina usaha, yawezekana ni umbile tu. Mfupa nao hutulia kidogo katika mwaka wa kwanza, ukashuka pengine milimita 1 hadi 2, na mshuko huo si ugonjwa. Kinachotafutwa ni mabadiliko baada ya hapo, na mabadiliko hayaonekani bila kitu cha kulinganisha nacho. Pasipo kumbukumbu yoyote, makubaliano ya Chicago yanamruhusu daktari kuuita ugonjwa peri-implantaitisi akikuta damu au usaha, mfuko wa milimita 6 au zaidi, na mfupa ulioshuka milimita 3 au zaidi. Lakini kwa kipimo hicho mgonjwa hugunduliwa akiwa tayari amepoteza kingi.

Shangazi hakuwa na faili. Kliniki iliyompandikiza ilikuwa imehama, na simu yake haikupokelewa kwa wiki mbili. Tulichokipata kilikuwa ndani ya simu yake mwenyewe: picha ya eksirei aliyotumiwa kwa WhatsApp miaka sita iliyopita, iliyozikwa chini ya picha za harusi na mazishi. Daktari aliiweka pembeni ya eksirei mpya akazihesabu hesi kwa ncha ya kalamu. Katika ile ya zamani mfupa ulikuwa umezifunika zote. Katika mpya, hesi nne zilikuwa wazi upande wa nyuma, na mfupa uliozizunguka umechimbika kwa umbo la bakuli.

Naomba nikae kidogo kwenye suala hili la kumbukumbu, kwa sababu Nairobi lina uzito wake. Wako wengi wanaopandikizwa India, Dubai au Uturuki wakarudi nyumbani na tabasamu na risiti tu. Kampuni zinazotengeneza vipandikizi ni nyingi, na bisibisi ya moja mara nyingi haifungui skrubu ya nyingine, kwa hiyo daktari wa huku asiyejua aina iliyo kinywani mwako huenda akashindwa hata kulifungua taji ili asafishe chini yake. Anayepandikizwa jino na adai kadi yenye jina la kipandikizi, upana, urefu na tarehe, pamoja na eksirei ya siku taji lilipofungwa na vipimo vya kwanza vya ufizi. Kwa waliotibiwa hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kuzipata taarifa zake binafsi, na za kinywa ni miongoni mwa hizo. Usajili wa daktari mwenyewe nao unaweza kuthibitishwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya.

Tuje kwenye matibabu, tukianza na mukosaitisi, ambako kazi yote ni kuuondoa ukoga na kuuzuia usirudi. Daktari au mtaalamu wa afya ya kinywa hulisafisha eneo hilo kwa vifaa ambavyo havitaichubua titani, kama vikwanguo maalumu, ncha laini za mashine inayotetema, au mashine inayopuliza unga laini sana wa glisini au erithritoli pamoja na maji. Baadaye, na hapa ndipo kliniki nyingi hufanya haraka, mgonjwa hufundishwa kusafisha mahali hapo hapo, yeye akishika mswaki na daktari akishika kioo. Hali hupimwa tena baada ya miezi miwili au mitatu. Kwamba uvimbe huu hurudi nyuma si matumaini tu. Watafiti waliwahi kuwaomba watu wenye vipandikizi wajitolee kuacha kusafisha sehemu fulani za vinywa vyao kwa wiki tatu. Fizi zikavimba zote, za meno na za vipandikizi, na usafi uliporudishwa uvimbe ukashuka. Ila kwenye vipandikizi wiki tatu nyingine za usafi hazikutosha kuurudisha ufizi kikamilifu kama ulivyokuwa. Anayesafisha kwa bidii kwa siku kumi na kuona bado kuna damu asidhani amefanya kazi bure.

Chombo kinachofaa zaidi nyumbani si mswaki mkubwa bali ni burashi ndogo ya kupitisha kati ya meno, yenye umbo la mti wa mnazi uliokonda, na waya wake uwe umefunikwa plastiki ili usikwaruze chuma. Ukubwa wake huchaguliwa na daktari kulingana na nafasi iliyopo. Burashi ikipita bila kugusa kitu haisafishi chochote, na hilo ndilo kosa alilokuwa akilifanya shangazi hata baada ya kuanza kujitahidi: alikuwa amenunua pakiti yenye burashi ndogo kuliko zote kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwanza kwenye rafu. Mswaki wa mti, ambao bado unauzwa kwa vifungu nje ya misikiti yetu, ni mzuri kwa nyuso za meno zinazoonekana, lakini ncha yake haifiki chini ya tumbo la taji, ambako ndiko ukoga wa kipandikizi hujificha. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini inaweza kusaidia kwa muda mfupi, wiki mbili hivi, ufizi ukiwa unauma kuguswa. Ikitumiwa kwa miezi huacha madoa ya kahawia kwenye meno na kuiharibu ladha ya chai, tena ukoga uliokwisha kujenga makazi hauutoi.

Turudi sasa kwenye amoksilini. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, na damu haifiki juu ya chuma. Bakteria waliozama katika nyama ya ufizi hupigwa, uvimbe hunywea, usaha hukauka, na mgonjwa huona amepona. Lakini jeshi kubwa liko nje ya nyama, juu ya hesi, chini ya kifuniko chake cha utomvu ambamo dawa hupenya kwa shida, na bakteria wengi wa humo wako katika hali ya kuzubaa, hawazaani kwa kasi, ilhali dawa za jamii ya amoksilini hufanya kazi vizuri zaidi kwa bakteria wanaozaana. Dozi ikiisha, utando ule ule huanza kuuchokoza ufizi ule ule. Shangazi alipona mara mbili bila kupona, na katika kila pumziko baina ya dozi mfupa ulikuwa ukiendelea kuliwa pasipo dalili ya kumshtua. Mwongozo wa matibabu uliotolewa mwaka 2023 na shirikisho la Ulaya la wataalamu wa fizi haupendekezi antibiotiki za kumeza kwa mukosaitisi, wala haupendekezi zitumiwe kwa mazoea katika usafishaji usio wa upasuaji wa peri-implantaitisi. Uvimbe ukitoka kwenye ufizi ukaenea shavuni au chini ya taya, ukiambatana na homa au ugumu wa kumeza, hiyo ni dharura, na hapo dawa huwa na kazi yake pamoja na kuutoa usaha. Lakini hiyo ni dharura ya kwenda hospitali usiku huo huo, na kaunta ya duka la dawa si mahali pake.

Kabla ya kuivuka mukosaitisi kuna chanzo kimoja ambacho kinapaswa kutafutwa, kwa kuwa kikikosekana kutambuliwa usafi wote huwa kazi ya kuchota maji kwa pakacha. Mataji mengine hugandishwa kwa simenti, na simenti inayobanwa chini ya taji huweza kutoroka ikaingia kwenye mfuko wa ufizi na kuganda huko kama jiwe dogo. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2009, ukitumia kamera ndogo iliyoingizwa chini ya ufizi, ulikuta simenti iliyosalia katika asilimia 81 ya vipandikizi vyenye dalili za ugonjwa, na baada ya simenti kuondolewa karibu robo tatu ya hivyo vilitulia. Ni uchunguzi mdogo, na hauthibitishi kwamba simenti ndiyo chanzo kila mahali, lakini unatosha kumfanya mgonjwa aulize: taji langu limefungwa kwa skrubu au kwa simenti? Umbo la taji nalo lina lawama yake. Taji lililovimba mno kwa chini, kama chungu kilichowekwa juu ya chupa, halitoi nafasi ya burashi kupita, na mwenye taji kama hilo anaweza kulaumiwa kwa uvivu ambao si wake. Kulifungua na kulichonga upya ni matibabu halali kabisa ya ufizi.

Mfupa ukishaanza kuliwa, hatua ya kwanza ni ile ile ya kusafisha, safari hii kwa kina zaidi chini ya ufizi, chini ya ganzi, na ikiwezekana taji likiwa limefunguliwa. Tathmini hufanywa baada ya wiki 6 hadi 12. Wengine hutulia hapo. Wengi wenye mifuko mirefu hawatulii, na sababu ni ya kimaumbile tu: hakuna chombo kinachoweza kufika kwenye kila bonde la hesi bila kuonekana. Kliniki kadhaa hutangaza leza kama njia ya kuliepuka hilo, lakini mwongozo wa 2023 haukupendekeza leza iongezwe kwenye usafishaji usio wa upasuaji, na mimi ningefikiri mara mbili kabla ya kulipa ziada kwa ajili yake.

Mfuko ukibaki na milimita 6 au zaidi na damu ikiendelea, hufuata upasuaji. Ufizi hukatwa na kufunuliwa kama mdomo wa bahasha, nyama laini iliyojaza shimo hukwanguliwa, na kwa mara ya kwanza daktari anaziona hesi kwa macho yake na kuzisafisha moja baada ya nyingine. Kinachofuata kinategemea umbo la shimo. Mfupa uliochimbika kama bakuli, wenye kuta zilizosimama pande zote, unaweza kujazwa unga wa mfupa, kwa kuwa kuta hushikilia unga huo usimwagike hadi ufungwe na ufizi. Mfupa ulioshuka pande zote ukawa bapa kama sahani hauwezi kushika unga. Hapo daktari huusawazisha, pengine akazisugua na kuzilainisha hesi zilizobaki wazi, na kuushusha ufizi ili mfuko ufupike na sehemu iliyo wazi ifikike kwa burashi. Mgonjwa wa njia hii ya pili hubaki na chuma kinachoonekana kidogo. Kwenye gego hakuna atakayekiona, lakini kwenye jino la mbele ni jambo la kuzungumzwa kabla ya kisu kushikwa.

Kuna swali jingine ambalo madaktari hawalitaji wasipoulizwa. Unga wa mfupa unaotumiwa sana hutokana na mifupa ya ng'ombe iliyosafishwa, na utando unaowekwa juu yake kuukinga mara nyingi hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Kwa Mwislamu, kwa Mkristo wa madhehebu yasiyogusa nguruwe, na kwa yeyote asiyetaka kitu cha mnyama mwilini mwake, hilo si jambo dogo. Vipo vya kutengenezwa viwandani na vipo vinavyotokana na ng'ombe peke yake, mradi mtu aulize mapema vifaa visije vikawa tayari mezani.

Mafanikio hayapimwi kwa kuuliza kama maumivu yamekwisha, maana hayakuwepo. Hupimwa kwa mfuko usiozidi milimita 5, kutokuwepo kwa usaha, damu isiyozidi sehemu moja, na eksirei isiyoonyesha mfupa ukiendelea kushuka. Wako ambao ugonjwa huwarudia hata baada ya upasuaji mzuri. Kipandikizi kinachocheza chenyewe ndani ya mfupa hakina tiba nyingine ila kutolewa, lakini asikate tamaa mtu anayehisi jino lake linatikisika kabla ya kupimwa, kwa kuwa mara nyingi kilicholegea ni skrubu ndogo ya taji, na kuikaza ni kazi ya dakika chache kwa mwenye bisibisi inayolingana.

Sigara inahitaji neno. Mvutaji mara nyingi hutoka damu kidogo kuliko wengine, kwa sababu tumbaku huibana mishipa midogo ya ufizi, kwa hiyo ile dalili ya mapema iliyomshtua shangazi huenda yeye asiione hata mfupa ukiwa unakwenda. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari iliyopanda hudhoofisha uponaji wa ufizi na wa mfupa, na si ajabu daktari wa fizi akiomba kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kabla ya kupanga upasuaji. Aliyewahi kupoteza meno kwa ugonjwa wa fizi ndiye aliye hatarini kuliko wote, na hili husahaulika kwa urahisi, kwani mtu hudhani kwamba jino likishang'olewa ugonjwa umeondoka nalo. Umebaki kwenye meno mengine na kwenye mazoea ya mkono wake.

Kuhusu kurudi kliniki, takwimu ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Brazil. Wagonjwa 80 waliokuwa na mukosaitisi walifuatiliwa kwa miaka mitano. Kati ya walioendelea kusafishwa na kupimwa mara kwa mara, asilimia 18 walifikia peri-implantaitisi. Kati ya wasiorudi, asilimia 43.9. Ugonjwa wa mwanzo ulikuwa mmoja, na kilichowatenganisha zaidi ni kalenda.

Shangazi alipasuliwa mwezi wa tatu. Kwa kuwa shimo lake lilikuwa bakuli, lilijazwa unga, nao utando uliofunika ulikuwa wa ng'ombe, kama alivyoomba. Eksirei ya miezi sita inaonyesha kivuli cheupe kikifunika hesi mbili kati ya nne, ingawa daktari alikataa kukiita mfupa, akisema unga wenyewe huonekana mweupe vilevile. Hesi nyingine mbili zitabaki wazi. Katika kipimo cha mwisho msaidizi aliandika nne, tatu, nne, damu sehemu moja, kisha akampa shangazi tarehe nyingine ya miezi mitatu na burashi ya ukubwa unaomfaa, ambayo sasa imo ndani ya mkoba wake pamoja na kitambulisho na kadi mpya iliyoandikwa jina la kipandikizi kwa wino wa bluu.